Wafu Saba wa Nyangumi

Sehemu ya Tisa

Mlango ulipofunguka, Kamanda Fulgence Hyera alijua kuwa amechelewa.

Hapo ndipo tulipomwacha Jumapili iliyopita, msomaji: kwenye kizingiti cha chumba cha kupanga huko Majengo, Songea, bahasha ya kaki kwapani, viatu vimejaa vumbi jekundu. Alikuwa amekuja kumwona mtu mmoja tu, Mussa Chitete, baharia aliyeshika usukani wa manowari Nyangumi siku ile ilipoigonga meli ya saruji karibu na Kilwa. Mussa alikuwepo, amelala chali, mguu wa kulia umefungwa plasta hadi pajani. Lakini hakuwa peke yake.

Kando ya kitanda, bakuli la uji mkononi, alikuwa ameketi Lukresia Luambano.

Kama gazeti lilikupita wiki iliyopita, jua hili moja: Lukresia ni mama yake Luteni Sixbert. Na Luteni Sixbert ndiye ofisa aliyekuwa zamu ajali ilipotokea na mabaharia saba wakafa. Wiki sita sasa kijana huyo yuko rumande Dar es Salaam, na makaratasi yote ya makao makuu yanasema kosa ni lake peke yake.

“Shikamoo, mama,” Kamanda alisema.

Lukresia akakoroga uji.

Kamanda alisimama pale mlangoni, mtu wa miaka arobaini na sita, aliyekuwa na amri juu ya watu sitini, akisubiri marahaba kama mtoto. Haikuja.

“Mussa,” alisema mwishowe, “nataka tuongee sisi wawili.”

“Ongea,” Lukresia alijibu badala ya mgonjwa. “Mimi ni muuguzi, nimestaafu lakini mikono ingali mizima. Nakuja kumwangalia mgonjwa wangu. Au unayotaka kumwambia hayafai kusikiwa na mama yake Sixbert?”

“Haya ni mambo ya kijeshi, mama.”

“Mwanangu amefungwa kwa mambo hayo hayo ya kijeshi. Basi na mimi nimeshaingia jeshini. Hiyo bahasha ina nini?”

Kamanda aliibana zaidi kwapani.

Ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi mbili zilizopigwa taipu makao makuu. Yalikuwa maelezo ya Mussa Chitete, ambayo Mussa Chitete hajapata kuyasema. Yalieleza kwamba siku ya ajali Luteni Sixbert aliendesha meli ndani ya mvua kwa ukaidi wake mwenyewe, na kwamba hakumwita Kamanda hata mara moja. Kilichokosekana ni sahihi tu, chini, penye mstari wa nukta.

Siku tatu Kamanda alikuwa amezunguka na bahasha ile mjini. Alikwenda Majengo ili Mussa aitie sahihi, au ili aichane mbele yake? Ukimuuliza leo atakwambia alikwenda kuichana. Mimi sijui, na nadhani hata yeye hakujua.

“Afande,” Mussa alisema kutoka kitandani. Sauti yake ilikuwa ndogo. “Kama ni ile karatasi, usijisumbue. Nimeshasaini.”

Bakuli la uji likatua sakafuni.

“Umesaini nini?” Kamanda aliuliza.

“Hiyo hiyo. Ilikuja nakala nyingine. Asubuhi ya leo.”

“Aliileta nani?”

Mussa aliugeukia ukuta. “Mama Egidi.”

Mama Egidi ni Evaline. Na Evaline ni mke wa Kamanda.

Kamanda alijishika kwenye fremu ya mlango. Lakini hakuna aliyekuwa na habari naye tena. Lukresia alikuwa ameinuka, na macho yake yalikuwa juu ya Mussa.

“Wiki mbili nakuja hapa kutoka Msamala kwa miguu,” alisema. “Nakuogesha. Nakulisha. Na leo nimeingia, umenipokea, umeniambia uji umekolea sukari. Na ulikuwa umeshasaini.”

“Mama, nisikilize.”

“Nasikiliza.”

“Wameniambia lazima apatikane mmoja. Kama si Luteni aliyekuwa zamu, basi ni mshika usukani. Ni mimi. Mguu wenyewe sijui kama utapona. Wallahi, mama, niliogopa.”

“Sikuulizi kama uliogopa. Mwanangu alimwita huyu bwana, au hakumwita?”

Mussa alifunga macho. “Alimwita.”

“Mara ngapi?”

“Mbili. Kwa simu ya ndani. Nilikuwa nimesimama karibu naye kama nilivyo karibu nawe sasa.”

“Na huyu bwana alijibu nini?”

Nje mtu alikuwa akipiga nyundo juu ya bati.

“Mjibu,” Kamanda alisema, akitazama sakafu.

“Alisema, endelea.”

Lukresia alikaza kitenge chake kiunoni, akachukua mkoba wake wa dawa, akautia bendeji na mkasi. Alifanya polepole, kila kitu mahali pake. Kisha akamwinamia Mussa.

“Plasta ikianza kukubana, mwite Mama Egidi aje aikate.”

Alipofika mlangoni Kamanda alimpisha. Lukresia akasimama karibu kabisa na kifua chake.

“Kesho saa tatu, kwenye kikao cha kuchunguza ajali, nitakaa mstari wa mbele,” alisema. “Siendi kusikiliza. Najua utakachosema. Nakwenda kukutazama uso unapokisema.”

Akatoka. Hakugeuka nyuma.

*

Duka la Evaline lilikuwa mitaa miwili tu kutoka pale.

Miaka michache nyuma, mahali hapo palikuwa na duka la ushirika lenye viberiti, chumvi, na foleni ya sabuni tangu alfajiri. Sasa ruhusa ya biashara ilikuwa imetoka kwa kila mwenye mbio, na Evaline alikuwa na mbio. Rafu zake zilijaa redio, vitenge, sahani za udongo, mafuta ya nywele. Na mbele kabisa, kioo kikiwaonyesha wapita njia, kilikaa cherehani kipya cheusi chenye maua ya dhahabu.

Evaline alikuwa akimwonyesha mteja jinsi ya kupitisha uzi. Mumewe aliingia, akashika upande mmoja wa mlango.

“Tunafunga, dada,” alimwambia mteja. “Utarudi kesho.”

Yule mteja aliwatazama wote wawili, akachukua kikapu chake na kuondoka.

“Umekwenda kwa Mussa,” Kamanda alisema.

“Nimekwenda.” Evaline hakuacha kufuta cherehani. “Wewe ulikuwa unazunguka na ile karatasi kama mtu aliyeokota mtoto asijue pa kumpeleka. Kikao ni kesho. Nikaona nisikungoje.”

“Nakala ulipata wapi?”

“Brigedia Gaspari alipiga simu, nikaitwa posta. Alisema anakujua, utasitasita. Akatuma nyingine, nikaipokea kituo cha basi.”

Brigedia Gaspari alikuwa mkubwa wa Kamanda, aliyekaa makao makuu na kutuma meli huko na huko kwa kuandika jina lake tu.

“Umemtisha mgonjwa kitandani.”

“Nimemwambia ukweli. Saba wamekufa. Haiwezekani wafe saba halafu asifungwe mtu.”

“Sixbert ana miaka ishirini na saba, Evaline.”

“Na Egidi wako ana kumi na tatu. Ukifungwa wewe, nani atakayemtazama? Lukresia?”

Kamanda alimpita, akafungua mlango wa stoo. Makasha yalikuwa yamepangwa hadi darini, mbao nyeupe za ng’ambo, mengine yakiwa na alama nyeupe za chumvi ya bahari pembeni. Yalikuwa arobaini siku yalipopakiwa. Sasa yalibaki yapata thelathini.

Hili, msomaji, ni jambo ambalo hatukupata kukwambia katika sehemu nane zilizopita, kwa sababu hakuna aliyelisema. Siku ile Nyangumi haikuwa kwenye doria tu. Ilibeba vyerehani. Makasha arobaini yalifungwa kamba kwenye sitaha ya mbele, pale pale ambapo mlinzi husimama kutazama bahari. Meli ilipojikokota hadi Mtwara ikiwa na tundu mbele na maiti saba ndani, makasha yalishushwa jioni ile ile, kabla hajafika mtu wa kuuliza. Lori lilikuwa likisubiri.

“Marehemu Beda, mlinzi wetu, alitakiwa asimame pale mbele,” Kamanda alisema. “Ndiyo ilikuwa kazi yake. Kutazama. Hakuwa na pa kusimama. Palikuwa na vyerehani vyako.”

Evaline alitupa kitambaa juu ya kaunta.

“Vyangu?” alisema. “Nani aliniambia nafasi ipo? Nani aliyesema, Mama Egidi, meli inakwenda Mtwara haina kitu mbele, ya nini uhangaike na lori kutoka Dar mvua zote hizi? Mimi sijapata kukanyaga meli, Fulgence. Sijui mbele yake wala nyuma yake. Ungesema hapana, ningenuna siku mbili, yakaisha. Wewe ndiye uliyejua mlinzi anasimama wapi. Wewe ndiye uliyekuwa mkubwa.”

Kamanda aliurudisha mlango wa stoo polepole.

Kwa wiki sita alikuwa amejieleza kwa wapelelezi, kwa padri, kwa ndugu. Mvua. Rada mbovu. Luteni mchanga. Amri kutoka juu. Kila mmoja alitikisa kichwa kwa huruma. Mwanamke huyu mwenye hasira, aliyekuwa amekwenda asubuhi kumtisha mgonjwa, ndiye wa kwanza kumwambia jambo hilo waziwazi.

“Nikisema kesho?” aliuliza.

“Ukisema kesho, usipite nyumbani Mfaranyaki. Nyumba ile imeandikwa jina langu.”

Alifungua mlango wa duka, akamwonyesha barabara.

*

Asubuhi ya kikao, baridi ya Juni ilikuwa imekaa juu ya mji, na milima ya Matogoro haikuonekana kwa ukungu.

Watu walianza kufika saa moja. Kikao kiliwekwa Songea kwa sababu mbili. Mussa hakuweza kusafirishwa na mguu ule. Na kati ya wafu saba, watatu walikuwa vijana wa hapa hapa. Magazeti mapya ya Dar, yale yasiyo ya serikali, yalikuwa yamepiga kelele kwamba familia zinafichwa. Makao makuu yakaogopa kelele. Yakasema basi, kikao kitakuwa wazi.

Ulitumika ukumbi wa shule moja ya msingi, wanafunzi wakiwa likizo. Waliokosa madawati walisimama madirishani, makoti yamefungwa hadi shingoni.

Mwenyekiti alikuwa Kanali Brayson, mtu wa Kaskazini, mrefu, mpole wa sauti, aliyewasalimu wazee mmoja mmoja alipoingia. Kushoto kwake aliketi karani wake, Dorine, na mashine ya taipu. Bastola ilikuwa kiunoni mwa Kanali, kwenye mkoba wa ngozi.

Kisha akaingizwa Luteni Sixbert.

Lukresia alikuwa mstari wa mbele kama alivyoahidi. Hakuwa amemwona mwanawe tangu Machi. Alimwona sasa, kola ya shati imekuwa pana kwa shingo, pingu mkononi, akitembea hatua moja nyuma ya Koplo Daudi. Huyu Daudi alikuwa baharia wa Nyangumi pia. Siku ya ajali aliopolewa majini baada ya saa nzima, na sasa amepewa kazi ya kumlinda mfungwa.

“Mama,” Sixbert alisema.

“Simama wima,” Lukresia alimjibu.

Mussa aliletwa juu ya kiti, watu wawili wamembeba. Kamanda Hyera alikuja wa mwisho, amevaa sare yake kamili. Alikuwa amelala kwa shemeji yake. Alipokuwa akipita katikati ya madawati, mwanamke mmoja alivuta sketi yake pembeni ili isiguswe na suruali yake.

Evaline alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, amejitanda.

Kanali Brayson alisoma maelezo ya Mussa kuanzia mwanzo hadi mwisho, taratibu, kama mtu anayesoma somo kanisani. Alipomaliza akamgeukia.

“Haya ni maelezo yako?”

“Ni sahihi yangu, afande.”

“Sikuulizi sahihi. Nauliza kama ni maelezo yako.”

Jasho lilikuwa likimtoka Mussa katika baridi ile. “Ni sahihi yangu, afande,” alirudia.

Kanali alimtazama kidogo, kisha akaandika kitu. “Luteni Luambano. Umesikia. Una la kusema?”

“Nilimwita Kamanda mara mbili, afande.”

“Una shahidi?”

“Alikuwepo mmoja.”

Sixbert alimtazama Mussa. Mussa aliitazama plasta yake. Watu wote ukumbini waliwatazama wote wawili, na hakuna kilichotokea.

“Basi,” Kanali alisema kwa upole, “bado mtu mmoja, na tutakuwa tumemaliza. Kamanda Hyera.”

Kamanda alisimama.

“Kamanda, sitaki kukuchosha. Umeshahojiwa sana. Swali langu ni moja tu. Siku ile, Luteni alikuita, au hakukuita?”

Mashine ya taipu ikanyamaza, ikisubiri. Kamanda alimtazama Lukresia, na Lukresia alikuwa akimtazama usoni, hapepesi.

“Aliniita,” alisema.

Mashine ya taipu ikaanza kugonga.

“Aliniita mara mbili. Mara ya kwanza aliomba kupunguza mwendo, mvua ilikuwa imefunga na haoni mbele. Nikamwambia endelea. Mara ya pili alisema kuna kivuli upande wa kulia. Nikamwambia endelea, tunangojwa Mtwara. Dakika mbili baadaye tuligonga.”

Minong’ono ilianza madirishani. Kanali aliinua mkono.

“Kamanda, pole pole. Ulipata mshtuko mkubwa. Ulikuwa umelala, na mtu akiamshwa usingizini huchanganya mambo. Pengine ni baadaye ndipo ulipodhani uliitwa.”

Ulikuwa mlango wa kutokea, na Kanali aliufungua wazi kabisa mbele yake. Kamanda angeweza kupita hapo na kwenda nyumbani.

“Sikuwa nimelala,” alisema. “Ilikuwa saa tisa alasiri. Nilikuwa chumbani kwangu naandika barua kwa dereva wa lori. Na hata ningekuwa nimelala, afande, meli ilikuwa yangu. Kijana alikuwa zamu kwa sababu mimi nilimpa zamu. Rada ilikuwa mbovu siku nne, na mimi ndiye niliyeandika kwamba ni nzima ili tusizuiwe kuondoka. Mlinzi hakuwa mahali pake kwa sababu mahali pake niliruhusu pajazwe makasha. Luteni aliona hatari, akafanya alichofundishwa, akamwita mkubwa wake. Mkubwa wake alikuwa mimi.”

Sixbert aliinamisha kichwa.

Kamanda alimtazama Lukresia tena. Sijui alitarajia nini.

“Usinitazame,” Lukresia alisema. Hakupaza sauti, lakini ilisikika hadi madirishani. “Ulikuwa na maneno hayo tangu siku ya kwanza. Wiki sita umekaa nayo, unakula, unalala, mwanangu amefungwa. Mimi sina asante yako.”

Ndipo mzee mmoja alipoinuka benchi la pili. Alikuwa Mzee Marcelino, mkulima, baba yake marehemu Beda. Alishika kofia yake kwa mikono miwili.

“Samahani, mkubwa,” alimwambia Kanali. “Nina swali.”

“Kaa chini, mzee. Hujaitwa.”

“Sitachelewa. Sisi tuliambiwa kijana wetu alikufa kazini kwake, amesimama mbele ya meli, anatazama. Tuliandika hivyo msalabani. Sasa huyu anasema makasha. Nauliza, mwanangu alikuwa amesimama wapi?”

“Mzee, kaa.”

“Pembeni, baba,” Kamanda alisema. “Ukingo wa kushoto, ameshika kamba. Meli ya saruji ilitokea kulia. Asingeweza kuiona. Mbele palikuwa na makasha ya vyerehani.”

“Vyerehani,” Mzee Marcelino alisema.

Alikaa. Alilisema neno lile tena, kwa mkewe, kana kwamba huyo hakulisikia.

Songea si mji mkubwa. Kila mtu mle ndani alijua nani ameleta vyerehani vipya mwezi ule. Wanawake watatu waliokuwa wamevinunua walitazamana. Kisha vichwa vikaanza kugeuka, kimoja kimoja, kuelekea nyuma ya ukumbi.

Upole ulikuwa umemtoka Kanali Brayson. “Mizigo hiyo ilikuwa ya nani?”

“Yangu,” Kamanda alijibu.

“Yako peke yako?”

“Yangu peke yangu.”

Kanali akashusha pumzi, na nina hakika aliyemtazama vizuri wakati ule aliona nafuu usoni mwake. Jambo limepata mwenyewe. Kamanda mmoja, tamaa yake, basi. Alimgeukia karani ili amalizie.

“Anadanganya.”

Evaline alikuwa amesimama. Mtandio ulikuwa umemwangukia mabegani.

“Mama, huna ruhusa ya kusema,” Kanali alisema.

“Jana ulinipa ruhusa nyingi. Watu wa Songea, makasha yalikuwa arobaini. Ishirini yangu. Ishirini ya Brigedia Gaspari, yanangoja kwenye stoo yangu aje kuyachukua. Ile karatasi ya Mussa niliipokea kituo cha basi kutoka mkononi mwa huyu huyu Kanali, alipofika kutoka Dar jana asubuhi.”

“Evaline,” Kamanda alisema.

“Nyamaza. Siku zote unajibeba wewe tu. Umeamua kuibomoa nyumba yangu, sawa. Lakini haibomoki peke yake. Niliambiwa, mama, mtie moyo mgonjwa asaini, mumeo atarudi kazini. Sikuambiwa kwamba Brigedia ndiye aliyekuwa anaokolewa.”

Kelele zilizolipuka ziliyatikisa mabati. Mzee mmoja aligonga benchi kwa fimbo. Mussa alikuwa akipiga kelele kutoka kitini pake kwamba alimsikia Luteni, alimsikia mara mbili, waandike, alimsikia.

Kanali Brayson alisubiri. Kelele zilipopungua, aliongea bila kumtazama mtu.

“Karani. Hayo hayaandikwi. Na yaliyotangulia yaondolewe.”

Dorine aliinua vidole. “Tangu wapi, afande?”

“Tangu ‘aliniita’.”

Dorine alivuta karatasi kutoka kwenye mashine. Ilitoka na sauti ya kukwaruza iliyosikika ukumbi mzima. Kanali aliichukua, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni.

“Kikao sasa ni cha siri,” alisema. “Raia wote watoke. Mama huyu abaki, tutaongea naye. Madirisha yafungwe. Koplo, toa watu, kisha funga mlango.”

Koplo Daudi alimwachia Luteni Sixbert, akaenda mlangoni. Mlango ulikuwa wa mbao nzito, wenye komeo la chuma. Watu wa mbele walianza kuinuka, wengine kwa hofu, wengine hawajui waende wapi. Lukresia hakuinuka. Mzee Marcelino alivaa kofia yake, akabaki benchi.

“Koplo Daudi.”

Ilikuwa sauti ya Kamanda Hyera. Haikuwa sauti aliyokuwa nayo tangu asubuhi. Ilikuwa ile ya baharini, na mgongo wa Daudi ulinyooka kabla mwenyewe hajajua.

“Afande.”

“Acha mlango wazi. Watu wakae. Wamekuja kusikia watoto wao walikufaje. Amri hiyo ni yangu, na nitaijibia mimi.”

“Huyo hana amri,” Kanali alisema. “Alivuliwa madaraka tangu Aprili. Koplo, nimesema funga. Sirudii.”

Mkono wake ulishuka kiunoni, ukafungua kifungo cha mkoba wa bastola.

Koplo Daudi alimtazama Kanali. Akamtazama Kamanda, aliyemtumikia miaka mitano na aliyemzamisha katika bahari ya Kilwa. Akamtazama Sixbert, aliyesimama peke yake katikati ya ukumbi na pingu zake, bila mlinzi.

Halafu akaugeukia mlango, akaweka mkono juu ya komeo, na chuma kikalia. Kama aliufunga au aliuacha wazi, msomaji, tutajua Jumapili ijayo.